Sauti ya Tano Kwenye Santuri

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1986, saa nne kamili asubuhi, fundi wa redio na gramafoni aliyefahamika kwa jina lake kamili la utani, Sikio Halilali, alifungua boksi lililoletwa pamoja na gramafoni mbovu. Mlikuwa na santuri ndogo sita za bendi moja ya panki, muziki wa fujo, Misumari Mitupu. Kwenye majalada walisimama vijana wanne, nywele wima. Fundi aliweka santuri ya kwanza ili aijaribu sindano, akahesabu sauti tano.

"Lo! Hawa wana wazimu!" alicheka, mguu ukigonga sakafu. Gitaa lilikwaruza kama bati linaloburutwa barabarani. Miaka ishirini na tisa alikuwa akitengeneza mashine za kuwaburudisha wenzake. Siku hiyo aliona ameimbiwa yeye.

Wimbo ulipokwisha hakuinua sindano. Ndiyo desturi yake: huiacha izunguke kwenye mfereji mtupu wa mwisho wa santuri, usio na wimbo, asikilize kama mota inakoroma. Humo, chini ya mkwaruzo, mtu alisema taratibu, "Rudia."

"Haya," fundi akaitika, kwa mazoea ya kumwitikia mteja.

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Mkewe alikuwa mshonaji. Alifanya kazi chumba cha pili, akiimba, na akiwajibu wateja kwa niaba ya mumewe kila alipozama kazini. Kesho yake aliamka sauti imekauka. Ijumaa, santuri ya tano ilipochezwa, alibakiwa na mnong'ono.

"Zima hao majambazi wako. Kila wakipayuka, koo langu linavutwa."

"Mafua hayo, mke wangu. Au unazionea wivu santuri?"

Lakini papo hapo sauti ya tano ikamwita fundi "Mzee Waya", jina alilolitumia mkewe peke yake, tena faraghani.

Jumamosi aliitwa shemeji, dada mkubwa wa mke, tabibu wa majini.

"Ulimwitikia huyo jini?"

"Nilisema haya tu, shemeji."

"Haya tu! Umemkabidhi jini mke wako, mwanamume mzima, halafu unaniambia tu!"

Akamwamuru azichezeshe kinyumenyume kwa mkono zile tano, moja baada ya nyingine, na ile ya sita aivunje bila kuisikia. Ya tano ilipokoma, mke alikohoa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nipeni maji."

Santuri ya sita haikuvunjwa. Jumapili, tarehe 9 Machi, saa saba mchana, fundi aliitazama, akajiambia ataisikiliza mara moja tu na ataiinua sindano mapema, akaiweka, na ikawa kali kuliko zote, ikamchukua mzimamzima, hata wimbo ulipokatika mkono wake ukangoja kama ulivyongoja kwa miaka ishirini na tisa, mota ikazunguka, harufu ya nywele ikapanda, na kutoka kwenye mfereji mtupu ikaja ile sauti.

"Rudia."

Fundi aliuma midomo hadi ikatoka damu. Hakujibu.

"Haya!" mkewe akaitika kwa furaha kutoka chumba cha pili.

Majirani husimulia kwamba tangu siku hiyo mke wa fundi ni bubu. Hilo si sahihi. Huzungumza kila siku, saa saba mchana, fundi anapoiweka santuri ya sita, kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Santuri ndogo haina nafasi zaidi.