Kompyuta ya Stoo

Haya yalimpata rafiki yangu, dada mmoja. Tulihitimu pamoja, tukakosa kazi pamoja. Mjomba wake alimwambia, "Fufua hii kompyuta ya ofisi, mwanangu, ajira ni yako." Kompyuta yenyewe RAM giga moja, joke tupu! Akajifungia stoo isiyo na dirisha, akafuta diski nzima, akaweka Linux nyepesi. Programu zikawa zinafunguka kabla hujapepesa jicho.

Nje ya mlango akamsikia mjomba akicheka kwenye simu: "Kazi nimeshampa binti wa bosi. Huyu wa stoo ni fundi wa bure tu." Family, my foot!

Kwa hasira akachomoa waya ukutani. Skrini ikazima, giza totoro. Kisha vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, ta, ta, ta. Skrini ikawaka, waya ukiwa bado mkononi mwake, maneno yakajiandika: "Hata mimi aliniahidi kazi, dada."