Ndevu za Tundu la Bafu

Asubuhi ile karani alipoingia kuoga aliona unywele mweupe umechomoza kwenye tundu la maji machafu, mrefu kama kidole, umesimama wima. Alidhani umenasa tu. Akainama, akaushika kwa ncha za vidole, akauvuta. Haukutoka. Ulikaza kama unywele uliopandwa kwenye ngozi ya mtu, na huko chini, ndani ya bomba, kitu kikasisimka.

Akaruka nyuma, akatoka bila kuoga. Mkewe alipomuuliza mbona mwili mkavu, alisema maji ni ya baridi mno. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake yule bwana, Mungu atusamehe sote. Hakuwa mwongo wa kudhulumu watu, lakini aibu ikimfika, ulimi ulikimbilia maficho ya karibu.

Na aibu alikuwa nayo, ya tangu jana yake.

Baba yake, kinyozi mstaafu, alikuwa amepooza mkono wa kulia. Miaka arobaini alinyoa videvu vya watu kwa wembe wa kukunja, na chake mwenyewe kila siku baada ya sala ya alfajiri; sasa mkono umelala mapajani kama wa kuazima. Mashine ya umeme hakutaka hata kuiona.

"Hiyo ya kukatia majani," alisema. "Utaninyoa wewe. Umri wako arobaini na mbili, hujachelewa sana kuwa mtu."

"Baba, mimi karani wa stoo."

"Basi nichukulie kama gunia la mchele. Ila ukinitoboa nitamwagika."

Ndipo yakaanza mafunzo. Karani alinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, kwenda na kurudi, hadi mabega yakamuuma. Alijifunzia uso wake mwenyewe, mzee kakaa kando kwenye kiti, anafoka.

"Ulaze wembe, ulaze! Mbona umeusimamisha, unachinja kuku? Vuta ngozi kwa mkono wa kushoto. Fuata ndevu zinakolala. Na usisukume, uzito wake mwenyewe unatosha."

Kulikuwa na sharti moja zaidi, na hilo mzee alilisema bila mzaha. Povu lenye nywele lifutwe kwenye karatasi, karatasi ichomwe. Maji ya moto yaachwe yapoe, yamwagwe nje chini ya ukuta, kwa jina la Mungu. "Nywele, damu na maji ya moto visishuke tunduni," alisema. "Mle mna wenyewe." Karani aliitikia, ndio baba, huku moyoni anacheka.

Sasa jana yake alijifungia bafuni peke yake ajaribu bila kufokewa. Wembe ukasimama chini ya taya, ukaondoka na kipande cha ngozi. Damu ikaingia kwenye povu, povu likawa jekundu, likamdondokea kifuani. Akaona picha ya mzee akimcheka wiki nzima. Basi akashika beseni la maji yanayochemka na kila kilichomo, akamimina tunduni, hata Bismillahi hakutamka. Damu iliganda ukingoni. Akatafuta cha kusugulia, na kilichokuwa karibu ni brashi ya baba yake, ile ya kupakia povu. Akasugua ukingo, akazamisha manyoya yake tunduni, akazungusha. Kwa ndani kitu kikayanyonya mara moja, kama mtoto mchanga anavyonyonya kidole. Akaichomoa mbio, akaisuuza, akaitundika kwenye msumari wake.

Na asubuhi ile ya unywele, kwa kuwa mzee alikuwa anasubiri na kitambaa chake begani, aliipaka povu brashi ileile akaizungusha kwenye uso wa baba yake.

Alimnyoa vizuri. Mzee alijipapasa kwa mkono wa kushoto, akasema, "Hee, gunia halijatoboka."

Kufika adhuhuri ndevu zilikuwa zimerudi.

Zilikuwa nyeupe, nzito, na mbichi, kama zimetolewa majini sasa hivi. Na zilinuka. Mke wa karani aliweka sahani mbele ya mkwewe, akarudi nyuma na mtandio puani.

"Baba watoto," alinong'ona jikoni, "mzee ananuka mkojo wa bombani."

"Ni joto."

"Joto gani linaloota ndevu?"

Akanyolewa tena jioni. Kila unywele ulipokatwa ulitoa ute wa kijivu kwenye ncha, na zile zilizobaki kwenye wembe zilijikunja na kujikunjua polepole. Karani alitapika kwenye beseni. Daktari alitoa dawa ya fangasi. Ndevu ziliilamba ikaisha. Siku ya tatu ziligeuka zikaanza kuota kuelekea ndani, zikapita midomo na fizi, na mzee akimezeshwa uji, uji ulirudi na vishungi vya nywele, akawa anahema kwa pua peke yake, na macho yake yalimfuata mwanawe kila alikokwenda chumbani.

Mke ndiye aliyemwita ustadhi wa jirani, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyoisha. Alipokaribia kitanda alisema, "Leo namshukuru Mungu kwa pua hii iliyoziba." Kisha akasoma, kiganja juu ya paji la mzee. Ndevu zikasimama zote kwa pamoja. Kinywani mwa mzee ikatoka sauti iliyojaa maji.

"Mlinichoma. Halafu mkanilisha. Nilisheni tena."

"Nani aliyekulisha?"

Kikacheka, povu likamtoka mzee puani.

Ustadhi akageuka. "Kuna kitu kimegusa makazi ya huyu aliyemwingia mzee, kisha kikagusa uso huu. Kisipochomwa, hatoki. Ni kitu gani?"

"Sijui," karani akasema.

"Fikiri, ndugu yangu."

"Nimesema sijui."

Unywele mmoja ukatambaa juu ya mdomo wa mzee, ukanusa hewa, ukaingia tundu la pua. Wa pili ukaufuata. Mzee akakwama pumzi, mkono wa kushoto ukapapasa shuka mpaka ukapata goti la mwanawe, ukalishika.

"Brashi!" karani akapiga ukelele huku analia. "Nilisugulia tundu brashi yako, baba! Nilijikata, nikaona haya, nikamwaga kila kitu mle, nikakupaka! Nisamehe!"

Goti likafinywa. Hakuna aliyejua kama ni msamaha au ni maumivu.

Brashi ilichomwa uani, ikalia kama panya. Ustadhi akarudi na wembe mkononi. "Mnyoe mzee wewe mwenyewe, uliyemlisha huyu aliyemo. Tone moja la damu likimdondokea, amekula, atakaa. Akikosa, ataondoka na njaa yake. Na fungeni midomo. Povu hili lisiingie kinywani mwa mtu."

Karani akapaka povu kwa viganja vyake, akahisi ndevu zinamlamba vidole, akavuta ngozi, akalaza wembe, akaanza shavuni, akishuka polepole zinakolala, na kila alipokata ute ulimmwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko na harufu ikampanda kama choo kilichofunuliwa, naye akakaza meno asitapike, akapita taya, akafika kooni, na hapo ngozi ikaanza kujiinua yenyewe kuufuata ukali wa wembe, na ile sauti ikambembeleza, "Kidogo tu, karani, tone tu," lakini chini ya yote hayo kidole cha baba yake kilikuwa kinamgonga gotini, laza, laza, laza, akalaza, akamaliza.

Mzee akakohoa. Donge la nywele likamtoka kooni, kubwa kama ngumi, likaanguka kwenye beseni likijipinda, na ustadhi akalibeba mbio kulitia motoni. Karani alifungua mdomo kusema alhamdulillahi. Tone la povu lililobaki wembeni likamrukia ulimini, baridi, chungu. Kwa mshtuko akalimeza.

Mzee alijipapasa kidevu. Kilikuwa laini, kikavu. "Safi," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Bado unaushika kama kijiko. Lakini safi, mwanangu."

Mke akalia kwa furaha. Ustadhi akarudi akijifuta pua, akawatazama mmoja mmoja. "Hakuna aliyeingiwa na povu mdomoni?"

Karani alimtazama baba yake, jinsi alivyokuwa anamtabasamia mbele ya watu.

"Hakuna," alisema.

Mchana wakiwa wanakula, kitu kikamtekenya kooni. Akaomba radhi, akaenda nyuma ya mlango, akaingiza vidole viwili. Akashika ncha ya unywele, nyembamba, yenye utelezi. Akavuta, ikaja. Akavuta tena, ikaja, nyeupe, imefika kifuani sasa, na bado ilikuwa na mwendo.

"Baba watoto!" mkewe akaita. "Una nini huko?"

Akausukuma wote ndani kwa ulimi, akaumeza.

"Sina kitu," alisema. "Nakuja."