Nani Alifuta Masomo ya Leila?

Leila ni fundi cherehani wa Nyamirambo. Anaishi mtaa wa pili, Rwezamenyo, na mume wake Swaibu na binti yao Keza. Kila asubuhi hufungua kibanda chake kabla barabara haijajaa pikipiki. Hushona magauni ya kitenge, sare za shule na kanzu za watoto.

Jioni hufundisha. Keza hushika simu na kurekodi. Leila hukata kitambaa huku akieleza. "Tazameni mikono yangu, si uso wangu," husema.

Video hizo aliziweka mtandaoni, kwenye ukurasa aliopewa na kampuni moja kubwa ya mbali. Wanawake wengi walijifunza kwake. Mmoja wao ni Athanasie wa Busanza. Kutoka Busanza hadi Nyamirambo ni mbali, na yeye ana watoto wadogo. Kwa hiyo alinunua cherehani kuukuu, akajifunza kwa simu.

Siku moja Athanasie alimpigia.

"Mwalimu, masomo iko wapi? Nimekata kitambaa cha mteja, natafuta somo la kola, sioni kitu!"

Leila alifungua ukurasa wake. Ulikuwa mtupu. Palikuwa na maneno machache tu: "Ukurasa huu umefungwa kwa sababu umeweka kazi ya mtu mwingine."

"Kazi ya mtu mwingine?" Leila alipaza sauti. "Mikono hii ni ya nani? Sauti hii ni ya nani?"

Keza alitafuta, akapata jibu. Mwanamume mmoja wasiyemjua alikuwa amezichukua video zote. Mikono ilikuwa ya mama yake. Sauti ilikuwa ya mama yake. Lakini juu palikuwa na jina la yule mwanamume. Kisha yeye ndiye aliyelalamika kwa kampuni kwamba Leila ni mwizi!

"Waandikie," Swaibu alimwambia mkewe.

Leila aliandika. Jibu lilikuja papo hapo, na lilikuwa maneno yale yale. Akaandika tena. Maneno yale yale.

"Wallahi, hawasomi!" alisema. "Mwizi amenishtaki. Hakimu hakuniuliza hata jina langu. Na hukumu imeshatoka!"

"Si video unazo kwenye simu yako?" Swaibu aliuliza.

"Simu ilijaa, nikazifuta. Nilidhani kule ndiko salama."

Kesho yake jirani yao Jovia alikuja kibandani kuchukua gauni. Jovia alikulia Kampala. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta za ofisi. Alimkuta Leila anapiga pasi kwa nguvu.

"Pole pole, mama Keza! Utaunguza gauni langu."

Leila alimweleza yote. Jovia akaweka mkoba chini.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Mimi pia nimekasirika. Lakini sikiliza. Uliweka kazi yako yote kwenye ghala moja, na ufunguo wanao wao. Wakifunga, umekwisha. Wanafunzi wako walihifadhi masomo kwenye simu zao?"

"Baadhi yao."

"Waite."

Jumapili kibanda kilijaa wanawake. Athanasie alikuwa na somo la mikono na la zipu. Mwanamke wa Gikondo alikuwa na la kola. Wengine walikuwa na la pindo na la vipimo. Hakuna aliyekuwa na yote, lakini walipoyakusanya, karibu yote yalipatikana. Somo la suruali peke yake halikuonekana.

"Hilo nitalirudia leo leo," Leila alisema.

"Mmeona?" Jovia aliuliza. "Hivi ndivyo mtandao wa wenza unavyofanya kazi. Hakuna ghala moja. Kila simu inaweka nakala. Mtu akihitaji somo, anapokea kipande kutoka simu hii na kipande kutoka simu ile, na programu nitakayowawekea inaviunganisha. Simu moja ikizimika, zingine zinatoa."

"Na yule mwizi akichukua tena?" Swaibu aliuliza.

"Anaweza. Sitakudanganya. Lakini programu inatia saini ya Leila kwenye kila somo. Saini hiyo hutoka kwenye ufunguo wa siri alio nao yeye tu. Mtu akibadilisha somo hata kidogo, saini haikubali tena. Mwanafunzi ataona kwamba hili si la Leila. Ila ufunguo huo usimpe mtu, mama Keza, na uwe na akiba yake mahali pengine."

"Data yangu haitaisha?" Athanasie aliuliza.

"Tunaipanga programu itume ukiwa kwenye wi-fi tu. Lakini kama simu zote zimezimwa, hakuna atakayepata somo. Lazima wachache wawashe kila siku."

Kisha Jovia akawa mkali.

"Tena sikieni. Kitu kikishaenda kwenye simu za watu, kukirudisha ni vigumu sana. Usiweke picha ya mtoto wa mtu, wala siri ya nyumba. Na usiweke kazi ya mwingine. Leo tunajua jinsi inavyouma."

Jovia aliweka programu hiyo kwenye simu zao, wakapanga zamu za kuziwasha. Nakala za Athanasie zilionyesha tarehe za zamani, kabla yule mwanamume hajafungua ukurasa wake. Jovia akamsaidia Leila kuzituma kwa kampuni kama ushahidi.

Kabla kampuni haijajibu, simu ya Leila ilianguka, kioo kikavunjika. Zamani angelia. Sasa masomo yaliendelea kufika kwa wanafunzi kama kawaida. Athanasie akamaliza kola ya mteja wake, na mteja akaleta dada zake wawili.

Hatimaye, simu ya Leila ikiwa imeshatengenezwa, kampuni ikajibu. Ukurasa wa yule mwanamume ulikuwa umefutwa. Ukurasa wa Leila ulikuwa umefunguliwa.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Umeshinda!" Athanasie alisema kwenye simu.

Leila alisoma ujumbe wote, akausoma tena.

"Hawakuandika pole," alisema. "Waliniita mwizi mbele ya watu wote, na hakuna hata pole."

"Basi utafunga ukurasa?" Swaibu aliuliza.

"Sifungi. Anayenitafuta huko anikute. Lakini ghala langu si huko tena."

Akamwita Keza arekodi. Siku hiyo alifundisha kukata koti.