Mchonga Funguo Atafuta Wakili wa Nyumba

Kila asubuhi, kabla maduka ya jirani hayajafunguliwa, mchonga funguo alikuwa tayari ameinamia meza yake. Duka lake lilikuwa dogo kama kabati. Ukutani zilining'inia funguo za kila aina. Mezani kulikuwa na tupa tano, kuanzia nene hadi nyembamba. Watu walimwita Ufunguo, na jina hilo alilipenda mno. Hakuna kitasa mtaani kilichowahi kumshinda, na yeye hakuona haya kusema hivyo.

Jambo moja tu lilimkera. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiwafungulia watu milango yao, lakini yeye mwenyewe alipanga vyumba viwili. Mkewe alishona sare za shule katika kimoja. Humo humo walilala watoto wao wawili, kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Mwenye nyumba akikohoa, walimsikia. Wao wakicheka, aligonga ukuta.

Siku moja walisikia kwamba nyumba inauzwa nyuma ya karakana ya seremala. Mume na mke walivaa nguo za kutokea, wakaenda kuiona. Ilikuwa na vyumba vitatu, jiko na ua mdogo. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Mke alipima chumba cha mbele kwa hatua zake, akasimama dirishani.

"Cherehani yangu itakaa hapa," alisema. "Nitaona uzi bila kukodoa macho."

Ufunguo alikuwa milangoni. Alijaribu vitasa vyote, kimoja baada ya kingine. Alisukuma makomeo. Alitikisa bawaba. Alipomaliza, uso wake ulikuwa unang'aa.

"Hii ndiyo nyumba," alisema. "Aliyefunga vitasa hivi hakuwa mtu wa mchezo."

"Na mengine?" mkewe aliuliza.

"Mengine yapi?"

"Karatasi, mume wangu. Mipaka. Tutahitaji wakili."

Habari ya wakili ilimfikia shemeji, kaka yake mke. Shemeji alikuwa dereva wa lori, mtu wa moyo mweupe na maneno mengi. Alikuja siku hiyo hiyo.

"Wakili ninaye mimi!" alisema. "Yuko mji mkuu. Ndiye aliyemtoa bosi wangu kwenye kesi ya magendo. Anatajwa mpaka redioni! Akisimama mahakamani, hata hakimu anakaa vizuri."

Ufunguo alivimba kichwa. Mchonga funguo mwenye wakili wa redioni! Kabla jua halijazama, nusu ya mtaa ilikuwa imeambiwa.

Wiki iliyofuata alifika dukani mama mmoja jirani yao. Alitaka kuchongewa ufunguo wa pili wa kabati. Alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, na kwa sababu hiyo watu walimwita Bi Mafaili.

"Nasikia unanunua nyumba, kaka," alisema. "Na wakili wako umemtoa redioni."

"Mtaa huu hauna siri," Ufunguo alijibu. Hakusema kwamba aliyeitangaza siri hiyo ni yeye.

"Umeshaonana naye?"

"Bado. Nimempigia simu mara tatu."

"Mkaongea?"

"Niliongea na watu wake. Kila siku mtu mwingine, na kila mmoja ananiuliza jina upya. Wamesema nitume picha za karatasi, watapiga mhuri."

Bi Mafaili aliweka mkoba wake chini.

"Nikikuletea kasiki ya benki, utaifungua?"

"Kasiki? Siigusi! Ile ina mafundi wake."

"Basi na mawakili wana mafundi wao. Yupo wa kesi za jinai, yupo wa talaka, yupo wa nyumba na viwanja. Huyo wako ni hodari, sikatai. Lakini mimi nimekaa ofisi ya ardhi miaka kumi na mmoja, na sijamwona hata siku moja. Hii mitaa yetu ataijulia wapi? Na ukiwa na swali, utamwuliza nani? Yule wa simu anayekuuliza jina?"

Ufunguo alisugua tupa kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Muuzaji naye ana wakili," alisema. "Ameniambia tutumie huyo huyo, mambo yaende haraka."

"Huyo yupo kumlinda muuzaji. Mkitofautiana, atakuwa upande wa nani? Tafuta wa kwako."

"Nimtafuteje, dada yangu? Mimi najua vitasa tu."

"Waulize watu waliokwisha kununua nyumba hapa. Ukipata majina, uliza chama cha mawakili kama wamo kwenye orodha, na kama kibali chao ni cha mwaka huu. Suti siyo kibali! Halafu nenda mwenyewe ofisini. Usimwone mmoja ukaridhika, ona wawili au watatu. Uliza nyumba ngapi ameshughulikia karibuni. Uliza faili lako litakuwa mikononi mwa nani. Gharama zake akuandikie, ujue kilichomo na kisichomo. Akikukasirikia kwa kuulizwa, mshukuru, umemjua mapema."

"Kwa nini usinitajie mmoja tu?"

"Mimi ni karani wa serikali. Kukuchagulia siyo kazi yangu." Alipokea ufunguo wake, akaukagua, akatabasamu. "Wewe nawe hushindwi, kaka."

Nyumbani kulikuwa na shughuli nyingine: nani atamwambia shemeji? Ufunguo alijikuna kichwa. Mkewe hakujikuna.

"Kaka," alimwambia ndugu yake, "siku nikikamatwa na magendo, nitamtaka wakili wako mbio mbio. Sasa hivi nanunua nyumba."

Shemeji alinuna. Kisha akacheka mwenyewe, maana kununa hakukumkaa vizuri.

Mume na mke walikusanya majina matatu. Waliuliza kwenye chama cha mawakili, na wote watatu walikuwamo. Wakaanza kuzunguka. Wakili wa kwanza alizungumza na mume tu, kana kwamba mke ni mkoba aliokuja nao. Wa pili aliwapa kalamu kabla ya kuwapa kiti. "Sainini hapa, mengine tutaongea," alisema. Walitoka haraka.

Wa tatu alikuwa na ofisi juu ya duka la viatu. Ngazi zilikuwa nyembamba, na majalada yalipangwa hadi dirishani. Alikuwa mwanamke kijana. Ufunguo alimtazama, akajiuliza kama huyu binti hakukalia kiti cha mtu mwingine.

"Shikamooni," wakili alisema, akasimama kuwapokea. "Karibuni. Nyumba yenyewe iko wapi?"

Mke alivuta kiti mbele, akafungua daftari lake la vipimo. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika maswali yote. Aliyasoma moja moja. Wakili alijibu yote bila kutazama saa. Nyumba alizoshughulikia mwaka ule zilikuwa ishirini na tatu. Faili angelishika mwenyewe. Gharama aliziandika kwenye karatasi, akaonyesha na zile za serikali zisizoingia mfukoni mwake. Likimtoka neno gumu, alisimama na kulieleza.

Kisha akauliza yeye.

"Ukitoka barabarani, unafikaje mlangoni?"

"Rahisi," Ufunguo alisema. "Unapita kando ya karakana ya seremala."

"Hiyo njia ni ya nani?"

Ufunguo alianza kuhesabu kichwani. Vitasa saba alikuwa amevikagua, na makomeo mawili, na bawaba zote. Njia alikuwa ameipita tu.

"Naujua mstari ule wa nyumba," wakili alisema. "Nitakwenda ofisi ya ardhi kutazama ramani, kisha twende pamoja tukaone kwa macho."

Siku ya tatu walikuwa wote pale, wakili na nakala ya ramani mkononi, viatu vyake vimejaa unga wa mbao. Mambo yalikuwa wazi. Hati ya mwalimu ilikuwa halali, wala nyumba haikuwa na deni. Lakini njia nzima ilikuwa ndani ya kiwanja cha seremala. Mwalimu alikuwa akipita kwa ruhusa ya mdomo tu, miaka yote hiyo.

"Kwa hiyo ningenunua nyumba ambayo siwezi kuifikia," Ufunguo alisema polepole. Masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Ungeifikia, mradi seremala anapenda," wakili alisema. "Akibadili nia au akiuza, huna pa kushika. Tunataka haki ya kupita iandikwe, isainiwe, na isajiliwe ofisi ya ardhi. Ikishasajiliwa, itabaki hata mwenye kiwanja akibadilika. Kabla ya hapo, msisaini mkataba, wala msitoe malipo."

Mwalimu hakufurahi. Alisema kuna mnunuzi mwingine, mtu asiye na maswali mengi. Shemeji naye alikuja juu.

"Sainini, jamani! Seremala ni mtu mzuri. Nyumba itawaponyoka hivi hivi mkiiangalia!"

Ufunguo alimtazama mkewe. Aliona jinsi alivyolitamani lile dirisha, na moyo ukamuuma. Angeweza kumaliza yote kwa saini moja.

"Unasemaje, mke wangu?"

Mkewe alifunga daftari lake. "Tukiikosa, tumeikosa. Nikiipata, nataka niipate na njia yake."

"Basi hatusaini," Ufunguo alimwambia mwalimu, kwa heshima lakini bila kutetereka. "Tunakuomba utusubiri."

Wiki mbili zilizofuata walilala kwa shida. Wakili alizungumza na seremala, na seremala hakuwa na kinyongo. Alitaka tu ajue upana wa njia, asije akanyang'anywa uwanja wa mbao zake. Walipima mbele ya mpima ardhi, wakakubaliana mita tatu. Seremala alisaini, na haki ile ikasajiliwa. Yule mnunuzi mwingine hakuonekana, labda alikuwa wa maneno tu.

Hapo ndipo mume na mke walipopanda ngazi za duka la viatu kwenda kusaini. Wakili aliwasomea mkataba wote, kifungu kwa kifungu. Mkataba ukapelekwa kwa mwalimu na wakili wake nao wakasaini, kisha malipo yakatolewa. Hati ilipotoka, ilikuwa na majina mawili, la mume na la mke. Mke alilisoma jina lake, akalisoma tena kwa sauti, akaomba alishike mwenyewe jalada la karatasi zao mpaka nyumbani. Ufunguo hakubisha. Alitembea kando yake kifua mbele, kama mtu anayemsindikiza waziri.

Walihamia. Cherehani ilikaa dirishani. Watoto walicheka walivyotaka, na hakuna aliyegonga ukuta.

Mwaka ulipita. Seremala, ambaye umri ulikuwa umekwenda, aliuza kiwanja chake kwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Asubuhi moja Ufunguo alitoka kwenda dukani akakuta mafundi waashi wamefika. Kulikuwa na lundo la matofali, na kamba ya kujengea ilikuwa imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi. Ilikata njia katikati.

Aligeuka mbio hadi mlangoni. "Mke wangu!" aliita. "Njoo na jalada!"

Mkewe alitoka na futi ya vitambaa bado shingoni. Hakukimbia. Alimsalimia tajiri wa vipuri, aliyekuwa amesimama kando ya matofali, akajitambulisha, akafungua jalada kwenye ukurasa aliojua.

"Soma hapa, kaka. Mita tatu, toka ukuta wa karakana."

Yule bwana alisoma. Akavua miwani, akasoma tena. Kisha akawageukia mafundi wake.

"Nyie! Hata wakili wangu aliniambia kuna njia ya majirani. Mmevuta kamba wapi?" Akamgeukia mke. "Samahani, dada. Haki yenu imo kwenye karatasi zangu pia."

"Hamna neno," mke alisema. Alivua futi shingoni, akainama na kuwapimia mafundi mwenyewe.

Vigingi viling'olewa, kamba ikasogezwa. Tofali la kwanza liliwekwa mahali pake, nje ya mita tatu. Majirani wawili waliokuwa wakitazama walimwuliza mke jina la wakili wake, naye akawaambia kwanza waandike maswali.

Siku ile Ufunguo alichelewa kufungua duka. Alitembea njia ile kutoka mlangoni hadi barabarani, akarudi, akaenda tena. Safari ya nne mkewe alichungulia dirishani, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Umesahau nini, baba?"

"Sijasahau kitu," alijibu. "Napita tu."