Injini Juu ya Kitanda cha Maiti

Mnanidai hadithi ya kutisha na masufuria hamjaosha. Haya, yalimkuta shoga yangu Siwema wa Buguruni, enzi za Ujamaa, spea zilipokuwa adimu kuliko sukari.

Mumewe Zahoro, fundi asiye na haya, alishusha injini na giaboksi ya gari la mbio uani kwake, kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwarobaini. Akatafuta kitu imara cha kuilaza aifungue, akatoa stoo kitanda cha kuoshea maiti, amana ya mtaa mzima.

"Baba Mboni, hicho juzi tu kimemlaza Bi Mwanamkuu," Siwema akamwambia. "Kirudishe."

"Bi Mwanamkuu kashazikwa, mke wangu. Anakidai?"

Akaita wapagazi wakakibeba na injini yake hadi ukumbini, wezi wa spea wasiione, kwenye giza hata adhuhuri. Siwema alikuwa mlangoni anapepeta mchele aliposikia sauti ya tumbo likikamuliwa, vile waoshaji wanavyolikamua la maiti, polepole, kisha maji yakatiririka. Harufu ya kafuri ikamfikia, akaweka ungo chini. Akachungulia. Zahoro ametumbukiza mikono yote miwili ndani ya injini, na badala ya oili yanatoka maji ya uvuguvugu yenye mabonge ya pamba.

Kitanda Zahoro alikisugua kwa jivu siku tatu, akakirudisha. Haikumsaidia. Tangu siku ile kila tonge aliloshika lilirowa maji yale yale, mkononi mwake, mbele ya watu. Siwema alimlisha kwa kijiko miaka kumi na moja, pua kaziba kwa upindo wa khanga.