Zamu ya Shingoni

Kidole cha daktari kilinasa shingoni mwa mgonjwa, na hapo ndipo muuguzi alipoanza kuogopa.

Aliyelazwa kifudifudi mezani alikuwa mama yake mzazi, fundi cherehani ambaye pingili za shingo zilikuwa zimebana neva hadi mikono ikawa inadondosha sindano. Kanuni ilimtaka binti akae nje. Lakini wenzake walikuwa wanaumwa, na kila pengo pale kazini aliliziba yeye. Usingizi wa maana alishausahau.

"Misuli hatuikati," daktari alikuwa amemweleza. "Zamani tuliibandua kwenye mfupa. Mikono inapona, kichwa kinaning'inia kama boga. Sasa tunapenya katikati yake tu."

Alipopenya, misuli ikamkaba kidole.

"Dawa ya kulegeza imeisha?" alinong'ona.

"Imejaa tele, dokta," mtu wa dawa ya usingizi akajibu.

Misuli iliyolegezwa haishiki kitu, na mle ndani hakuna asiyelijua hilo. Halafu ikaja harufu ya udi, mahali panaponuka spiriti siku zote. Kidole kikaachiwa. Wakamaliza upasuaji, wakashona.

Mama alipona vizuri ajabu. Alikaa kitandani kichwa juu, akiwatania wagonjwa wenzake. Ila alasiri moja alisinzia akiwa ameketi. Mabega yakaanguka, mdomo ukaachama, kichwa kikabaki wima. Muuguzi akapeleka viganja nyuma ya shingo ile, na pale, chini ya ngozi ya mama yake, ndani ya misuli ileile waliyohangaika kuiacha nzima, akahisi vidole, vingi kuliko vya binadamu, vimeshikilia na vinatetemeka kwa uchovu alioufahamu vizuri mno, na udi ukapanda mpaka macho yakamwasha, akajua kwamba hapa pana jini.

"Nimekishika kichwa hiki miaka," sauti ikasema chinichini, hoi. "Nani anapokea zamu?"

Laiti angekuwa amelala vizuri usiku mmoja tu! Swali hilo aliulizwa kila siku mlangoni pa wodi, na ulimi ukajibu kwa mazoea.

"Mimi hapa."

Vidole vikachomoka. Uzito wote ukamwangukia viganjani. Alipojaribu kuondoa mkono, kichwa kikaporomoka kifuani na mama akaanza kukoroma kwa kukosa pumzi. Akakiinua haraka.

Jioni aliingia muuguzi mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi, akifunga vifungo vya sare.

"Shoga, bado upo? Nenda kalale bwana. Leo nakupoke..."

"Usiseme!"

Rafiki akaganda mlangoni. Mama akazinduka, akageuza shingo taratibu, bila maumivu yoyote.

"Mwanangu, mbona mikono inakutetemeka?"

"Nimechoka tu, mama," akasema, wala hakuachia.