Ng'ambo ya Laga

Maji ya mvua ya milimani yalifika saa nne asubuhi, bila wingu hata moja juu. Nakaale alisikia ngurumo, akabeba baiskeli na kukimbia kupanda ukingo. Alipogeuka, mchanga aliokuwa ameukalia haukuwepo tena. Mto ule mkavu, laga nzima, ulikuwa tope jekundu lililobeba miti na mbuzi aliyekufa.

Angeweza kuvuka tangu saa tatu. Lakini yeye na Ruot walikubaliana wakutane ukingo huu, kwa hiyo alingoja.

Safari ya Lodwar hadi Kakuma waliipanga waiendeshe pamoja, Desemba. Kisha Ruot akaitwa katika kambi yake ya wakimbizi, Kakuma: ndege ya kumpeleka Kanada ni kesho. Wakaigawa njia katikati, waagane hapa lagani.

"Wewe anzia Lodwar, upepo ukusukume," Ruot alimwambia kwa simu. "Mimi nitapigana nao. Tutoke alfajiri, kabla ya jua."

Wote wawili walisahau kwamba upepo wa huku huwa mkali zaidi asubuhi.

Ruot alitokea saa sita, ng'ambo, akisukuma baiskeli kwa mikono, midomo imepasuka. Alipomwona alicheka, akapaza sauti. Nakaale aliona mdomo ukifunguka tu. Upepo uliyarudisha maneno yote Kakuma.

"Sikusikii! Wewe unanisikia?"

Ruot akainua mikono yote miwili: anasikia. Kisha akavua viatu.

"Usiingie! Ngoja yapungue!"

Akaingia. Magotini. Kiunoni. Gogo likampiga ubavuni, akazama, akaibuka mbali akiwa ameshika mzizi. Bado alikuwa anamtazama yeye.

Nakaale akajaza kifua.

"Rudi! Nimechumbiwa na Losike! Nilikuja kukuambia hivyo tu! Enda zako!"

Losike, fundi wa redio wa Lodwar, hakuwahi hata kumsalimia Nakaale.

Ruot aliugeukia mzizi. Kisha akajivuta hadi ukingo wake, akavaa viatu, akasema kitu kifupi. Akageuza baiskeli.

Chupa ya maji ya Nakaale iliisha saa nane, akirudi Lodwar, upepo ukiwa usoni. Alianguka mara mbili. Ya tatu hakuinuka. Abdikadir, dereva wa lori aliyechoka kungoja laga ipungue akageuza, alimkuta kando ya barabara akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa.

"Polepole, dada. Nilikuona kule. Yule kijana alikusikia?"

"Alisikia."

"Akasema nini?"

"Sijui."

Garini, Nakaale aliisogeza midomo yake kimya kimya, kama ya Ruot ilivyosogea, akijaribu neno moja baada ya jingine, mpaka taa za Lodwar zikaonekana. Hakuna lililolingana.